Kurekodi mchwa kwa simu
Kaka, umeuliza kamera ya bei nafuu ya kurekodi hao mchwa wa kichuguu huko Masindi, mi naona simu yako inatosha kabisa, tafuta tu lenzi ndogo ya makro (ya kuchukua vitu vidogo kwa karibu) ya kubana kwenye simu, ila itabidi usogee karibu sana, sentimita chache tu, sasa ukishika kwa mkono video yote inacheza. Laza simu kwenye kamfuko ka maharage, ni bora kuliko zile tripodi za bei chee. Usiku funika tochi kwa nailoni nyekundu, wadudu wengi hawaioni vizuri rangi hiyo. Funga fokasi kwanza, yaani ulengaji wa kamera usihamehame, na uweke modi ya ndege maana mtu akipiga simu tu video imekatika. Slomo, yaani video ya mwendo wa polepole, iache ya mchana, inataka mwanga mwingi.