Usianze na jina la chuo

Jumapili iliyopita binti wa dada yangu alikuja nyumbani, hapa Mwanga, Kigoma, akiwa na kauntabuku lake la kemia. Yuko kidato cha sita, anasoma PCB Tabora, na alikuwa likizo. "Mama mdogo, nisaidie kuchagua chuo," akaniambia, akafungua ukurasa wa mwisho. Ameandika kwa kalamu nyekundu: Muhimbili, Mlimani, Dodoma, Sokoine, Mzumbe. Nikasoma mara mbili. Vyuo vitano, kozi hata moja hakuna.

"Mzumbe unakwenda kusoma nini?" nikamuuliza.

Akanyamaza kidogo. "Watu wanakisifia."

Na wanakisifia kwa haki. Lakini sifa ya Mzumbe ni utawala, biashara na sheria, na yeye ametumia miaka miwili kwenye fizikia, kemia na baiolojia. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe mwaka 2019 nilikuwa na orodha kama hiyo, na ninaandika haya kwa sababu najua ilinifikisha wapi.

Nilimaliza kidato cha sita mwaka huo, nikaenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), kambi ya Bulombora. Wanaojua ratiba wanajua tatizo liko wapi: matokeo yanatoka Julai ukiwa kambini, na dirisha la maombi ya vyuo linafunguliwa muda huohuo. Simu sikuwa nayo. Kaka yangu ndiye aliyeniombea, na kwa kuwa hakuwa na kompyuta alikwenda steshenari. Kijana wa steshenari alikuwa na foleni ya watu, akajaza haraka, na kwenye nafasi ya namba ya simu akaweka yake. Kaka hakuona ubaya wowote, maana na mimi sikuwa nimemwachia maelekezo zaidi ya yale majina ya vyuo.

Nikachaguliwa vyuo viwili. Kimoja kilinipa sayansi ya maabara ya tiba, kazi niliyoitaka tangu kidato cha tatu, siku nilipomsindikiza mama hospitali nikamwona mtaalamu anasoma damu yake kwenye hadubini. Kingine, cha Dar es Salaam, kilinipa shahada ya ualimu wa sayansi. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, unatumiwa namba ya siri kwa ujumbe mfupi ili uthibitishe kimoja, na muda wa kuthibitisha hauwi mrefu. Namba yangu ikaingia kwenye simu ya steshenari. Siku ya mwisho kijana akampigia kaka: athibitishe kipi? Kaka akaangalia majina ya vyuo, akasema hicho cha Dar, ndicho kinachojulikana. Hakuuliza kozi. Na angeuliza ningekuwa sijamwambia.

Leo nafundisha baiolojia na kemia hapa Kigoma, na nawapenda wanafunzi wangu. Lakini mapenzi hayo niliyajenga kwa miaka mitatu ya kujilazimisha. Binti huyu sitaki apite njia hiyo wakati kuna mtu wa kumwambia.

Kwa hiyo tulichana ule ukurasa, tukaanza upya, na swali la kwanza halikuwa chuo. Nilimwambia: nieleze Jumanne moja ya kawaida ukiwa na miaka thelathini. Umevaa nini, umeshika nini, unaongea na nani? Akacheka, kisha akafikiri muda mrefu. Akasema anajiona yuko na wagonjwa, ila hapendi zamu za usiku, na anapenda hesabu za kemia kuliko kitu kingine. Hapo ndipo tulipopata majina ya kufanyia kazi: famasi, maabara ya tiba, na udaktari akitaka kuuweka. Kozi tatu. Vyuo vikaja baadaye, kila kozi na vyuo vyake.

Ndipo tukafungua mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kwenye simu. Ni faili refu na wengi huruka moja kwa moja kwenye jina la chuo wanachokipenda. Soma mstari mzima. Unakwambia sifa za kuingilia, miaka ya kozi na idadi ya nafasi. Hesabu ya alama ni hii: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kwa kozi nyingi za shahada unatakiwa uwe na angalau masomo mawili yenye jumla ya alama 4. Kwa udaktari wa tiba ni masomo yote matatu, fizikia, kemia na baiolojia, jumla isiyopungua 6, yaani D tatu. Sasa hapa ndipo watoto wengi wanapoumia. Hiyo 6 ni kizingiti cha kuruhusiwa kuomba. Nafasi zenyewe zinagombewa, na wenye A na B wanajipanga mbele yako. Ukiwa na D tatu ukajaza udaktari kila mahali, unaweza kumaliza awamu zote mikono mitupu. Weka moja ya ndoto, lakini nyingine ziwe zile ambazo alama zako zinasimama vizuri.

Angalia na miaka. Udaktari ni mitano, halafu mwaka mmoja wa mafunzo ya vitendo hospitalini. Famasi ni minne. Kwa nyumba yenye wadogo watatu wanaosubiri ada, mwaka mmoja wa ziada si kitu kidogo, na mzazi ana haki ya kuujua kabla.

Kozi usiyoiona kwenye mwongozo, usiilipie hata shilingi ya fomu. Mwaka 2017 TCU ilizuia vyuo kadhaa kudahili wanafunzi wapya, na waliokuwa wamejipanga kwenda huko ilibidi watafute pengine.

Fedha nitaisema kwa urefu, maana ndiyo niliyolia nayo.

Mama alikuwa anauza dagaa Kibirizi. Nilipoondoka alinipa nauli ya treni, shilingi 180,000 mkononi, na furushi la migebuka iliyokaushwa. Kutoka hapa mpaka Dar ni kilometa zipatazo 1,250, na treni ile ilikuwa na vituo vyake. Nilifika nikiamini bumu, yaani fedha ya mkopo wa wanafunzi, litanikuta mlangoni. Halikunikuta. Jina la baba kwenye cheti changu cha kuzaliwa lilikuwa na herufi moja zaidi ya lile la cheti cha kidato cha nne, maombi ya mkopo yakarudishwa yarekebishwe, na ujumbe wa kunitaarifu ulikwenda kwenye ile ile simu ya steshenari. Nilikaa wiki sita nikila mlo mmoja, wali maharage wa 1,500 saa tisa alasiri, ili mchana na usiku viwe kitu kimoja. Migebuka niliigawa na mwenzangu wa chumbani kutoka Urambo, naye akanigawia asali. Tulifanya marekebisho, nikapata, lakini wiki zile sita sikusoma chochote kilichoingia kichwani.

Kwa hiyo toa vyeti vyako leo, uvipange mezani: cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, na vya vifo kama mzazi ametangulia. Soma majina herufi kwa herufi. Kikiwa na kasoro, kiapo na marekebisho fanya sasa, na uhakiki wa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, uanze mapema. Kisha mweleze mzazi wako kwamba Bodi ya Mikopo haimpi kila mtu asilimia mia. Unaweza kupewa sehemu ya ada, na inayobaki ikawa ya nyumbani. Fedha ya chakula na malazi ilikuwa 8,500 kwa siku wakati wangu, ikapandishwa kuwa 10,000 mwaka wa masomo 2022/23. Kumi elfu ya Dar, ukipanga chumba nje ya chuo na kupanda daladala mbili kila asubuhi, si sawa na kumi elfu ya mji mdogo unaotembea kwa miguu mpaka darasani. Chuo chenye hosteli za kutosha kinaweza kukufaa kuliko chenye jina kubwa. Na mkopo ni deni: ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inakatwa mpaka uishe. Mimi naiona kila mwezi kwenye hati ya mshahara.

Kisha kuna maswali ambayo mwongozo hauyajibu. Haya muulize mtu anayesoma hiyo kozi sasa hivi, na mwingine aliyemaliza miaka miwili iliyopita. Si mjomba aliyepita hapo zamani. Uliza hadubini moja wanazunguka wangapi. Kwangu tulikuwa wanane, na wa mwisho alikuwa anaambiwa alichokiona wa kwanza. Uliza mafunzo kwa vitendo wanapelekwa wapi, na nani anawatafutia nafasi. Uliza waliomaliza wako wapi, wangapi wana kazi ya hicho walichosomea.

Na ukaribu usiudharau. Wapo wanaoona kusoma Tabora au Kigoma ni kushindwa. Tabora ina chuo cha AMUCTA kwa ualimu, ina Chuo cha Nyuki, ina Chuo cha Ardhi. Kibirizi hapa kuna mafunzo ya uvuvi. Mtu anayetaka kweli kazi ya nyuki ataifuata Tabora hata akitokea Dar. Stashahada nayo si mlango wa nyuma. Ukiipata kwa wastani wa 3.0 au zaidi unaweza kuomba shahada kwa sifa linganifu, na tangu 2023/24 Bodi inakopesha hata baadhi ya kozi za stashahada. Kwa mtoto ambaye alama zimekataa, napendelea stashahada ya kitu anachokitaka kuliko shahada ya chochote kilichobaki.

Tulimaliza jua limeshuka ziwani. Ukurasa mpya ulikuwa na safu tatu: kozi, vyuo vyake, na fedha itakayopungua nyumbani kila mwaka. Muhimbili ilibaki. Sokoine ilitoka, hataki mifugo wala mashamba. Mzumbe ilitoka. Mwanza, kwenye chuo cha Bugando ambacho hakikuwepo kabisa kwenye orodha ya kwanza, iliingia mara mbili.

Akafunga kauntabuku, akafika mlangoni, akarudi.

"Mama mdogo, na nikiwa JKT, namba ya simu niandike ya nani?"

Nikamwambia aandike yangu, na nywila ya maombi aiandike kwenye karatasi mbili, moja abaki nayo, moja ampe mama yake. Kisha tukakaa tena, tukaandika chini ya zile safu: nafasi ikija zaidi ya moja, thibitisha maabara ya tiba kwanza, famasi ya pili. Akaweka sahihi yake na tarehe.