Uliza Mpiga Kinanda: Hedifoni za dukani zinadanganya

Barua za mwezi huu ni nyingi, nimechukua tatu. Kwa wasionijua: nilipiga kinanda kwenye orkestra za Lubumbashi, huku Kongo, mpaka magoti yakakataa kukesha. Siku hizi natengeneza vinanda kwenye kibanda changu hapa Kenya (mtaa wetu, si ile nchi), na Jumapili nipo kanisani.

Jambo Papa. Mimi ni mpiga kinanda wa kwaya huku Katuba, na Jumamosi napiga arusi na orkestra ya vijana. Kwaya imechanga dola 700. Mjini nimeona piano ya jukwaani ya mtumba, vibao 88 vizito kama vya piano ya kweli. Muuzaji akanivalisha hedifoni. Papa, nilisikia mbingu! Lakini prezida wa kwaya anasema ni mzigo, tununue kinanda chepesi cha vibao 61, pesa ibaki. Nani ana haki? — Wa Katuba

Mdogo wangu, prezida ana haki kuhusu mzigo, wewe una haki kuhusu vidole. Hedifoni ndizo zilizokudanganya.

Sauti za piano hizi hurekodiwa kutoka piano ya kweli kwa maikrofoni mbili au zaidi. Sauti nene zinaangukia sikio la kushoto, nyembamba la kulia, ndiyo maana ulijiona umekaa ndani ya piano. Sasa twende arusini Kamalondo. Fundi wa sauti amekubakizia nafasi moja tu kwenye miksa, na spika zote mbili za ukumbi zinatoa kitu kilekile. Sauti za kushoto na kulia zikisukumwa kwenye njia moja, mawimbi mengine yanapingana na kumezana, na piano inatoka kama imefungiwa kwenye pipa. Mimi yamenikuta uwanjani mbele ya watu. Nikaongeza sauti, nikaongeza tena, na kila nikiongeza pipa linazidi kuwa kubwa. Mpiga besi alinitazama kwa huruma usiku mzima.

Kwa hiyo rudi dukani, omba spika moja na waya mmoja, chomeka kwenye tundu lililoandikwa L/MONO (linalotoa kushoto na kulia kwa waya mmoja), upige hapo hapo nyimbo zako tatu. Piano ikibaki piano, mwendelee na bei. Ikigeuka pipa, mrudishie hedifoni zake, mshukuru, uondoke.

Kwanza hakikisha tundu lenyewe lipo. Yamaha P-45 ni piano nzuri ya nyumbani, kilo 11 na nusu tu, lakini haina njia yake ya kwenda miksa; ina tundu la hedifoni, basi. P-125 ya kampuni hiyohiyo inayo njia hiyo. Ukizitazama kwa mbele utadhani ni mapacha. Zungusha, tazama mgongoni.

Kuhusu mzigo: Roland RD-2000 ina kilo 21.7 bila mfuko wake. Yamaha CP88 ina 18.6. Casio PX-S1000 ina 11.2. Ukiwa dukani hizo ni namba za kwenye karatasi. Utazielewa saa nane usiku, gari la orkestra limeshaondoka, na dereva wa teksi anakuuliza kama hicho ulichoshika ni jeneza. Urefu nao: vibao 88 vinapita mita moja na sentimita 20 kabla hujaongeza mbao za pembeni. Kwenye teksi ndogo unakilaza mshazari, wewe unakaa mbele umepakata pedali na stendi.

Na vidole? Kibao kizito kina nyundo ndani. Kwa wimbo wa kwaya wa polepole ni raha tupu: ukigusa taratibu kinanong'ona, ukikazia kinaitika. Lakini arusini orkestra ikiingia kwenye sebene, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, gita la solo likaanza kukimbia, na wewe ukatakiwa kujibu kwa sauti ya tarumbeta dakika kumi bila kupumua, nyundo zilezile zinakula mkono mpaka kwenye kiwiko. Ndiyo maana wenzangu tuliowaonea wivu ni wale waliokuwa na Yamaha DX7, iliyotoka 1983. Vibao 61 vyepesi, mkono unateleza tu. Kwa kazi zako mbili mimi ningetafuta vibao 73 au 76. Zile nene za mwisho kushoto ni za mpiga besi, na hapendi kuingiliwa.

Jaribu na hili: shika kodi (noti kadhaa kwa pamoja) kwa mkono mmoja, kwa mwingine badilisha sauti kutoka piano kwenda ogani. Kodi ikikatwa kama kwa kisu, utateseka kila wimbo unapoungana na mwingine. Kizuri kinaiacha ya zamani iishe yenyewe. Tena kitufe cha kupandisha na kushusha tuni kiwe juu ya uso wa kinanda, kisifichwe ndani ya menyu. Najua walimu wa muziki wanakidharau hicho kitufe. Waje basi Jumapili, mama wa sauti ya kwanza ameanzisha wimbo pale koo lake lilipoamkia, yaani fa diyezi, tuni ngumu kwa vidole, na watu wote wamesimama.

Halafu kuna umeme. Kuna arusi moja siisahau. Bibi arusi ameshaingia, yuko katikati ya ukumbi, umeme ukakatika kufumba na kufumbua, ukarudi. Gita zikarudi palepale. Kinanda changu kikaanza kuamka: taa, nembo, kamstari kanakotambaa kwenye skrini kama konokono. Yule binti alimaliza safari yake kwa besi na ngoma peke yake. Kinanda kilipoamka kikarudi na sauti ya kwanza ya kiwandani, si ile niliyoipanga, na mimi bila kutazama nikaibonyeza kwa mikono miwili.

Kwa hiyo zima, washa, hesabu kwa sauti mbele ya muuzaji. Kikipita sekunde 30 mimi sikitaki, hata kiimbe kama malaika. Nunua na onduleri ndogo, ile ya kompyuta, ikushikie kinanda mpaka grupu (jenereta) iwake. Casio niliyoitaja inakubali hata betri ndogo sita za AA, na kwa mji wetu hilo si jambo dogo. Na kwa kuwa yako ni ya mtumba, soma maandishi karibu na tundu la umeme. Iliyotoka Japani inaweza kuwa ya volti 100, ya Marekani 120, na kwetu ni 220. Kama adapta imepotea, usikubali maneno ya «hii inaingia». Hata msumari unaingia. Linganisha volti, linganisha ampea, utazame na ule mchoro wa kiduara wenye alama ya kujumlisha na ya kutoa.

Usipopata ya 73 au 76, na hii yako ikapita kwenye spika moja, ikiamka haraka, na volti zikiwa za kwetu, chukua hiyo ya mtumba. Prezida abebe upande mmoja.

Papa, nimenunua pedali mpya. Nikikanyaga sauti inakatika, nikiachia inavuma. Nairudisha? — Dada wa Ruashi

Usiirudishe, dada. Zima kinanda, ondoa mguu kabisa, washa tena. Vinanda vingi vinaisoma pedali wakati vinapowashwa, na mguu wako ukiwa juu yake vinadhani kukanyagwa ndiyo hali yake ya kawaida. Ikikataa, igeuze uangalie chini, nyingine zina kiswichi kidogo cha kuibadilisha. Ukishamaliza ibandike sakafuni kwa tepu, vigae vya kanisa vinaitorosha.

Kinanda changu kina kibao kimoja, noti ya la ya katikati, kinachopiga kelele kuliko vyote hata nikikigusa kama unyoya. Fundi mmoja amesema «kichwa kimekufa», ninunue kingine. — Kampemba

Hakijafa. Ni kiangazi.

Chini ya kila kibao kuna mpira wenye vinundu viwili vyenye ncha nyeusi. Kinanda hakijui nguvu ya kidole chako. Kinachopima ni muda kati ya kinundu cha kwanza kugusa chini na cha pili kugusa. Muda mfupi, sauti kubwa. Muda mrefu, sauti ndogo. Vumbi likikaa chini ya kile cha kwanza, kinachelewa kushika, muda unaonekana mfupi, na kinanda kinaamini umekipiga ngumi. Likizidi, kibao kinanyamaza kabisa. Wiki iliyopita nilifungua kimoja chenye ugonjwa kama wako: chini ya mpira nilikuta unywele mmoja wa wigi na vumbi jekundu lililoganda kama unga wa matofali. Nusu saa, kikapona.

Ukitaka kujaribu mwenyewe, chomoa umeme kwanza. Panga skrubu kwenye karatasi kwa mpangilio uliozitoa, hazilingani urefu. Inua mpira polepole, pangusa ubao wa chini na zile ncha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, chenye tone la alkoholi ya isopropili. Petroli hapana. Usipulize kwa mdomo, mate ni mabaya kuliko vumbi. Acha vikauke vizuri kabla ya kufunga.

Ukishindwa, kilete. Noti moja natengeneza kwa bei ya soda mbili. Kikifika kimeshafunguliwa na yule fundi wa «kichwa kimekufa», tutaongea bei nyingine.