Maswali na majibu: Kipanga wa mbao wa Sasano

Nimeona picha ya kipanga wa mbao wa Kijapani mwenye manyoya yaliyojikunja. Yamebandikwa kwa gundi?

Hapana. Huyo ni otaka poppo, anayechongwa Sasano, katika mji wa Yonezawa, mkoa wa Yamagata. Mchongaji hutumia kisu kizito chenye bapa pana, sarukiri. Makali yanapita juujuu ya mti, ukanda mwembamba unanyanyuka na kujikunja wenyewe, na kabla haujakatika mkono unasimama. Anaanza mwingine nyuma yake, na mwingine tena, mpaka bawa lijae. Kwa maneno mengine, manyoya yale ni maranda ambayo hayajaachana na mti wake. Unyoya ukikatika, haurudi. Tazameni vizuri pale kwenye shina la unyoya, mtaona ufundi wote umekaa hapo.

Nani aliianzisha kazi hii?

Wenyeji huihesabu kuwa ya kale sana. Aliyeikuza ni Uesugi Yozan, aliyeanza kutawala Yonezawa mwaka 1767 akakuta hazina imezama kwenye madeni. Theluji ikifunika mashamba, mkulima hana kazi; Yozan akawahimiza wachonge wakati huo wapate kipato. Mpaka leo watu humweka kipanga huyo nyumbani au dukani kuomba heri na biashara njema.

Mimi ni mchongaji. Naweza kujaribu kwa mpingo?

Usiupoteze mpingo wako, ndugu yangu. Ni mgumu mno, utavunjika badala ya kujikunja. Wa Sasano hutumia koshiabura, mti mweupe na laini. Tafuta mti laini wenye nyuzi zilizonyooka, usio na vifundo, na kisu ukinoe mara kwa mara.

Kuna ndege wengine?

Wapo. Katika hekalu la Dazaifu Tenmangu, Fukuoka, jioni ya tarehe 7 Januari watu hupeana gizani ndege wadogo wa mbao waitwao uso kwa Kijapani, ili mabaya ya mwaka uliopita yageuke mema. Katika mji wa Hitoyoshi, kusini zaidi, kuna kiji, ndege wa jamii ya kwale, wa rangi kali aliyewekewa magurudumu, kichezeo cha watoto.

Nimezawadiwa mmoja. Nimfuteje vumbi?

Kwa brashi laini na kavu, ukifuata mkunjo kutoka shinani kwenda nchani. Kitambaa kitanasa na kung'oa manyoya, na maji yatayalegeza. Mwepushe pia na jua la dirishani.