Afande Hana Jinsia

Swali: Binti yangu ni konstebo hapa Nairobi. Redioni nasikia "afisa wa polisi wa kike", barabarani anaitwa "madam", na alipokuwa kuruta mkufunzi wao aliwaambia wote "jikazeni kiume". Ni matumizi yapi yaliyo sahihi? (Mama wa konstebo, Kayole)

Jibu: Mama, hongera kwa malezi. Tuanze na "afande", maana ndilo jina ambalo binti yako anastahili kuitwa. Asili yake ni neno la Kituruki, efendi, lililofika kwetu na askari wa Kisudani waliotumikia Wajerumani na Waingereza mwishoni mwa karne ya 19, na kwa miaka mingi walioitwa hivyo walikuwa wanaume. Waturuki wakimtaja mwanamke kwa heshima hutanguliza neno jingine, wakasema hanımefendi. Kiswahili hakikulichukua wala hakikulihitaji, kwa sababu upatanisho wa ngeli ya A-WA hautenganishi mume na mke: afande amefika, askari ameumia, mwanajeshi amepandishwa cheo. Hata "mwana" wa mwanajeshi si mwanamume, ni mtu wa jeshi, kama mwanachama alivyo mtu wa chama. Tanzania ilipopata Rais mwanamke Machi 2021, cheo cha Amiri Jeshi Mkuu hakikubadilika hata herufi moja.

Majuzi, penye kizuizi cha polisi Roysambu, makanga wa matatu niliyopanda alichungulia mlangoni akasema, "Habari ya asubuhi, afande." Alipoona nywele zilizosukwa chini ya kofia, akaharakisha: "Samahani, madam." Alikuwa ameamkia kwa heshima kamili, akaomba radhi kwa neno lisilo na kosa.

"Wa kike" si kosa la sarufi. Swali ni kama linahitajika. Sheria yetu inaagiza mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa hiyo anayeripoti upekuzi wa namna hiyo hana budi kutaja jinsia. Fatuma Ahmed alipopandishwa kuwa Meja Jenerali mwaka 2018, mwanamke wa kwanza Kenya kufikia cheo hicho, jinsia ndiyo iliyokuwa habari yenyewe. Lakini konstebo akimkamata mwizi wa simu River Road, "wa kike" haliongezi chochote ila kumwonyesha kama mgeni kazini mwake. Nami sijapata kumsikia mtangazaji akisema kuwa afisa wa kiume amemkamata mwizi.

Kuhusu "jikazeni kiume", hapo sina budi kumpinga mkufunzi. "Kiume" ni kielezi cha namna, yaani "kama wafanyavyo wanaume", na anayelitumia hivyo anawakabidhi wanaume ushujaa wote, huku mwanamke aliye kwenye gwaride lilo hilo akiambiwa ajitahidi kwa kuwa asiye yeye. Si haki, wala lugha haikosi maneno mengine. "Jikazeni" pekee linatosha. Lipo pia "pigeni moyo konde". Na lipo "jifungeni kibwebwe", ambalo makocha na wanasiasa wanaume hulitamka kila siku bila kukumbuka kwamba kibwebwe ni kipande cha nguo anachojifunga mwanamke kiunoni, akakikaza, kabla ya kuingia kwenye ngoma au kazi nzito. Mkufunzi aliyesimama mbele ya kuruta, wa kike na wa kiume, anaweza kulitamka kwa sauti yake yote.