Mwanangu, kuhusu kivali cha baba mkwe wako

Mwanangu, meseji yako nimeiona, unauliza baba mkwe akishatolewa zoloto, yaani kile kisanduku cha sauti cha kooni, akubali kuwekewa kivali cha kuongelea kama changu au bora anunuliwe ile mashine ya kuongelea ya kushikilia shingoni, na ati ni kweli atakuwa anaongea na sauti ya plastiki. Nakujibu kwa kuandika manake mambo yenyewe ni mengi, kwa simu ningechoka kabla hatujamaliza.

Hilo la plastiki nalianza kwanza kwa sababu naona ndo linamtisha. Kivali hakitoi sauti. Ni kipande kidogo cha silikoni, kinakaa kwenye ukuta uliopo kati ya njia ya hewa na njia ya chakula, kinafunguka upande mmoja tu ili hewa ipite lakini chai isiingie kwenye mapafu. Mi nikitaka kuongea navuta pumzi kwa tundu la shingoni, ndo tunapopumulia tukishatolewa zoloto, naziba na kidole gumba, basi hewa ikikosa pa kutokea inapita kwenye kivali inaingia njia ya chakula, huko juu nyama za koo zinatetemeka ndo sauti inatoka, alafu ulimi na midomo vinafanya kazi yao ile ile ya siku zote. Kwa hiyo pumzi ni yangu na koo ni langu. Sauti imekuwa nzito, hilo sikufichi, kwenye simu wasionijua wananiita baba na inaniuma mpaka leo, ila kwa mwanaume tofauti haiwi kubwa hivo.

Ile mashine nayo siidharau. Inatetemesha koo kwa nje, mtu anaanza kuitumia mapema, sauti yake ndo ya kirobotirobo haipandi haishuki, awe nayo tu ya akiba kwa siku kivali kikigoma. Ipo pia njia ya kumeza hewa na kuirudisha juu kama kucheua, haitaki kifaa chochote ila inachukua miezi kujifunza na wengi hawaiwezi. Hizo mbili ndo watu walikuwa wanazitegemea zaidi mpaka Eric Blom na Mark Singer wa Marekani walipochapisha njia yao ya kivali mwaka 1980.

Sasa mimi ningesema akubali, lakini muangalie kwanza nani atakibadilisha. Hiki kitu hakikai milele, kwa kawaida ni miezi mitatu mpaka sita, kwa wengine wiki chache tu, fangasi wanaota juu yake kile kimlango hakifungi vizuri. Utajua tu, mtu anakunywa maji anakohoa hapo hapo. Mi nikiona hivo nasimama mbele ya kioo na tochi, nakunywa kitu chenye rangi kidogo kidogo huku naangalia ndani ya tundu. Tone likitokea katikati ya kivali, kimechoka. Likitokea pembeni yake, basi saizi haikai sawa au kale katundu ka ndani kinapokaa kivali kametanuka, na hilo ni la daktari kabisa, usikubali mtu abadilishe tu kivali aseme tumemaliza.

Asubuhi na jioni kinasafishwa na kibrashi chake, unaingiza taratibu, unazungusha, unatoa na makohozi yaliyoganda, unasuuza, unarudia mpaka kitoke kisafi. Tishu usitumie, inaacha vinyuzi anavivuta kwenye mapafu.

Na hili lishike sana, kivali kikichomoka asisubiri mpaka kesho, kale katundu ka ndani kanaanza kuziba ndani ya masaa. Kama alifundishwa aweke katheta, ule mpira mwembamba wa hospitali, kukashikilia alafu hospitali moja kwa moja, na kama kivali chenyewe hakionekani lazima wamuangalie mapafu, kinaweza kuwa kimedondokea huko. Pia nyumba nzima ijue kwamba hapumui tena kwa pua wala mdomo, akizidiwa oksijeni inawekwa shingoni.

Kuhusu wakiweke siku ya operesheni au baadae, vyote vinafanyika, waamue madaktari wake hasa kama kuna mionzi mbele. Na sauti ikikataa kutoka mwanzoni msikate tamaa haraka, kuna wakati misuli ya koo inajikaza tu na ipo sindano ya kuilegeza.

Kabla hajasaini muulizeni daktari nani atakuwa anambadilishia na yuko umbali gani, na kama mtaalamu wa mazoezi ya kuongea anaweza kuonana nae kabla ya operesheni, akiwa bado ana sauti yake ya kuulizia maswali. Mi nipo tayari kuongea nae kwa video siku yoyote, aone tundu lenyewe na asikie ninavyoongea, na mwenzio awepo pia nimuonyeshe hiyo kazi ya brashi.

Mama yako