Bado Ninangoja, na kwa Jina Langu

Mdogo wangu,

Umeniuliza kwa nini mwaka wa sita unakatika sijapata makaratasi ya kuishi huku ughaibuni, ilhali kijana uliyesikia habari zake aliyapata ndani ya miaka miwili kwa kufunga ndoa. Umeongeza kwamba huenda imani yangu imepungua, kisha ukanitumia tena Yeremia 29:11, ule mstari ambao Mungu anasema anatuwazia mawazo ya amani, wala si ya mabaya. Maneno hayo yameniudhi, lakini ukimya wangu ndio ulioyaacha yakue, kwa hiyo nakujibu bila kuficha.

Ndoa ya kijana huyo siijui, wala sitaihukumu. Mimi niliyotafutiwa ilikuwa ndoa ya karatasi: mke nisiyemfahamu, malipo kwa awamu, na majibu ya kukariri kwa ajili ya usaili. Niliikataa. Mwingine alinishauri niombe hifadhi ya ukimbizi kwa kisa cha mateso alichokitunga yeye. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unamlinda anayehofia kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kundi la kijamii alimo au msimamo wake wa kisiasa. Mimi niliondoka kutafuta maisha. Ningewezaje kukaa benchi moja na watu waliokimbia kifo kweli, nikawafanya wao washukiwe zaidi?

Usidhani nilikuwa safi. Mwaka wa tatu, nikiwa sina kibali cha kazi, nilisafisha ofisi usiku kwa miezi minne kwa kutumia kitambulisho cha mtu mwingine. Mshahara uliingia katika akaunti yake, akakata sehemu yake, ndipo akanipa kilichobaki. Niliitwa kwa jina lake hadi nikazoea kuitika. Fedha zile ndizo zilizokulipia ada, nami nilikuandikia kwamba nimepandishwa cheo. Usiku mmoja niliteleza ngazini nikateguka mkono, nikaogopa kwenda hospitali kwa kuwa sikujua niseme aliyeumia ni nani. Niliacha kazi ile, na ndiyo maana miezi iliyofuata hamkupokea kitu.

Kisha mama akafariki. Kwa hali ya ombi langu la makaratasi, kutoka nchini kabla ya uamuzi kungehesabiwa kuwa nimelifuta, hivyo nikabaki. Mlisema ughaibuni umenitoa moyo. Mazishi niliyafuata kwenye simu, na hadi leo sina hakika kama nilichagua sawasawa.

Sasa kuhusu mstari wako. Usome pamoja na sura yake yote, kwa maana ile ni barua kwa mateka waliopelekwa Babeli, na mstari wa 10 unataja miaka 70. Katika sura iliyotangulia, nabii Hanania aliahidi kwamba mambo yangekwisha ndani ya miaka miwili, nao ulikuwa uongo. Yeremia aliwaambia mateka wajenge nyumba, wapande bustani na wauombee amani mji ule ule waliohamishiwa. Kwa miaka mitatu niliishi na sanduku lisilofunguliwa. Barua hiyo ndiyo iliyonifanya nipange nguo zangu kabatini na kuanza darasa la lugha. Namwombea hata afisa anayeshika jalada langu, ingawa zipo asubuhi ambazo sala hiyo hainitoki.

Kwa hiyo usije. Nakusihi kama kaka yako. Lakini najua ulivyotafuta kazi ukachoka, na nilipokuwa na umri wako hakuna aliyeweza kunizuia. Basi ukija, njoo kwa jina lako, kwa viza uliyoiomba kwa sababu ya kweli, na usimlipe wakala anayekuhakikishia tarehe, kwa sababu tarehe hiyo hayuko nayo. Ukichelewa kujibiwa, usikae mikono mitupu.

Sasa nina kibali cha muda na ninaosha vyombo. Mwezi huu nitatuma nusu ya kile mlichozoea, kwa sababu nusu ndiyo iliyopo, na tafadhali waeleze hivyo hivyo wote nyumbani. Nitumie pia picha ya kaburi la mama. Sikuwahi kuthubutu kuiomba.