Kwa wadogo zangu mnaofufua malori ya zamani: osheni krenki

Wiki hii kijana wa gereji yetu ameleta krenki, ule mhimili wa injini unaozungushwa na pistoni, kutoka kuchongwa. Ameifuta kwa fulana kuukuu, inang'aa, ameilaza mezani na boksi la beringi pembeni. "Fundi, tufunge?" Nikamuuliza kama ameosha njia za oili. Akajibu, "Imetoka mashineni ikiwa safi." Si wa kwanza kunipa jibu hilo, na kila nikilisikia tumbo linanikata, maana nami niliwahi kulitoa, nikiwa na uhakika kuliko yeye. Kwa hiyo naandika, ili nisiwe napayuka kila krenki inapoingia getini.

Lori tulilonalo ni Bedford TJ, lile la pua, lililotoka kiwandani kwa Vauxhall Uingereza kuanzia 1958. Watu wa rika langu tulilipanda juu ya magunia ya mahindi. Injini yake ya kwanza ilishatolewa zamani, ikafungwa Perkins 6.354. Silinda sita, lita 5.8, valvu za kusukumwa na pushirodi, hakuna waya hata mmoja wa kompyuta. Vijana wanaliona hivyo wanadhani ni jepesi. Haya.

1. Andika kabla hujafungua. Simu mnazo, pigeni picha za bomba, nyaya na mabano, siyo za kujipiga wenyewe mmeegemea boneti. Bolti za kila sehemu ziingie mfuko wake wenye jina. Konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na krenki, na kofia yake vilichongwa pamoja kiwandani, vina namba zinazotazamana upande mmoja; kofia ya tatu haiendi kwenye konrodi ya nne hata kama inaingia. Namba zikiwa zimefutika, zipige mwenyewe kabla ya kulegeza nati. Kofia za meni, zile beringi zinazoshika krenki kwenye bloku, kadhalika.

2. Spana za inchi. Jamani. Hili lori halikujengwa kwa milimita. Nusu inchi ni milimita 12.7, na wewe unaingiza spana ya 13, unavuta, kichwa cha bolti kinakuwa duara, halafu unaniita. Kinachowaponza ni spana ya 19, kwa sababu inaingia vizuri kwenye robo tatu ya inchi, basi mnaamini na nyingine zote zitaingia. Tuna seti nzima ya spana za inchi kwenye boksi la kijani. Hakuna anayeligusa isipokuwa anapotafuta kitu cha kukalia.

3. Nati za matairi ya kushoto zinafunguka kwa kwenda kulia, kama mshale wa saa. Ndivyo Waingereza walivyoyafunga malori haya. Mara nyingi studi imepigwa herufi L kwenye ncha. Futa tope uisome. Mwaka jana vijana wawili, wenye nguvu zao, walichomeka bomba refu kwenye spana, mmoja akaning'inia, mwingine akaruka juu yake, wakaikaza nati kwa bidii hadi studi ikakatika. Wakaja kwangu wakifurahi kwamba nati ya kwanza imetoka. Studi za namna hiyo tulizitafuta hadi Gerezani, Dar es Salaam, na muuzaji alipoona sura zetu akajua bei ya kutaja.

4. Krenki. Hapa kaeni chini.

Nilishafunga injini nyingi za dizeli nilipopewa Bedford ya mzee mmoja wa Kibosho. Baba yake alilinunua likiwa jipya, likabeba kahawa na mbao, kisha likaegeshwa chini ya mparachichi likaota magugu. Mzee alitaka lifufuke kwa sababu mwanawe alikuwa anaoa, na aliapa bwana harusi ataingia kanisani na lori la babu yake. Bodi ilishanyooshwa, rangi ilishapigwa, kadi za harusi zimeshagawanywa. Injini ndiyo iliyobaki, na injini ilikuwa kwangu.

Krenki ilikuwa saizi 10, yaani ilishapunguzwa sehemu 10 za elfu ya inchi, tukaipeleka ikachongwa kuwa 20. Ikarudi jioni, imepakwa oili, imezungushiwa gunia. Nikaifuta. Nikachukua kompresa nikapuliza kwenye tundu la meni, nikausikia upepo ukitokea kwenye konrodi, nikaridhika. Tukafunga usiku ule kwa taa ya kushika mkononi.

Upepo kupita haina maana kwamba njia ni safi. Jiwe la mashine linapochonga linaisha nalo, na unga wake, chembe za chuma na maji ya kupozea vinakuwa tope linaloingia kwenye vile vijia vya mshazari vinavyotoka meni kwenda konrodi. Tope hilo linaganda ukutani. Ukipuliza, upepo unapita katikati na kuliacha lilipo. Oili ikipata moto ndiyo inayolilainisha, na kutoka hapo halina pa kwenda ila kwenye beringi.

Lori liliwaka mara ya kwanza tu. Geji ya oili ikapanda. Watu wakapiga makofi, mimi nikaagiza soda kwa kila aliyekuwepo, pamoja na wapita njia. Ijumaa tukatoka kujaribu: Moshi hadi Himo, tambarare, raha tupu. Himo tukageuza kupandisha njia ya Marangu ili injini ipate mzigo. Hatujafika mbali sindano ya oili ikaanza kushuka. Nikajiambia geji za zamani ni waongo. (Angalieni tabia hii: geji ikisema unachotaka ni nzima, ikisema usichotaka ni mbovu.) Kisha ukaanza mlio ule, tok, tok, tok, ukikanyaga unaongezeka, ukiachia unapungua. Konrodi. Nilijua. Na bado nikaendelea hadi kona iliyofuata, nikitumaini sijui nini.

Tulivutwa kwa mnyororo nyuma ya Canter hadi Moshi, rangi yetu mpya ikila vumbi la mbele. Jumamosi bwana harusi aliingia kanisani na Noah ya kukodi.

Jumatatu nikashusha sampu, karai la oili chini ya injini. Beringi zilichanwa mistari, za konrodi mbili zimelika hadi shaba inaonekana, na krenki niliyolipia ing'ae imekwaruzwa mzunguko mzima. Mzee alisimama pale akauliza, "Imekuwaje?" Nikamjibu, "Beringi ni feki." Sikusita. Nikamtaja na aliyetuuzia, na nikaongeza kwamba siku hizi kila kitu ni feki, mzee, hatuna la kufanya.

Mzee akaenda dukani kwa yule bwana akamfokea mbele ya wateja.

Mchana ule muuza spea akaja gereji. Hakuja na kelele. Alikuja na seti nyingine ya beringi zilezile na mikromita, akapima mbele yetu sote, unene sawa na ulioandikwa kwenye kitabu cha injini. Akaomba spoku ya baiskeli. Akaikunja ncha, akaichomeka kwenye tundu la oili la krenki iliyokuwa sakafuni, akaizungusha, akaivuta. Ikatoka na ute wa kijivu. Akaupaka kwenye kiganja changu, akasema, "Sugua." Nikasugua kwa kidole. Ulikwaruza kama msasa. Akafunga boksi lake akaondoka, na saidia fundi wote wanatazama viatu vyao.

Krenki ikaenda 30, na kwa ile ya kwetu baada ya hapo kulikuwa hakuna pa kuchonga tena. Nililipa mimi kuchonga, beringi, gasketi na oili. Hiyo iliuma, lakini pesa hurudi. Kwa mzee nilikwenda jioni kumweleza ukweli, na aliposikia hakuzungumzia injini wala harusi. Alisema, "Umenifanya nimtukane mtu asiye na kosa." Akavaa koti lake, akaniambia twende. Tukaenda dukani wote wawili, yeye akaomba radhi kwanza, mimi baadaye, na muuza spea akatukaribisha chai ambayo sikuweza kuimeza. Mpaka leo nikinunua kwake ananipa risiti na kuniuliza, "Umeosha?"

Sasa kazi yenyewe, ambayo ni ya saa moja na nusu tu. Kama njia za oili zina plagi, zitoe zote. Brashi ndefu nyembamba na mafuta ya taa, kila tundu, kutoka pande zote mbili. Kisha maji ya moto na sabuni ya unga. Kisha spoku yenye kipande cha kitambaa cheupe, rudia mpaka kitoke cheupe kilivyoingia. Upepo ni wa mwisho, wa kukausha. Paka oili papo hapo, chuma kilichochongwa kinashika kutu ukigeuka kusalimia mtu. Bloku nayo ioshwe hivyohivyo, hasa silivu, zile kuta za silinda, zikishahoniwa, yaani kusuguliwa kwa mawe. Pitisha kitambaa chenye oili ndani ya silinda, kikitoka na weusi bado. Na usiniambie imetoka mashineni ikiwa safi. Kazi ya mwenye mashine ni kuchonga. Kuosha ni kwako.

5. Pima mwenyewe. Nafasi kati ya ncha za ringi ya pistoni ipimwe ringi ikiwa ndani ya silinda yake, si mezani. Ukikosa kitabu, sehemu 3 hadi 4 za elfu ya inchi kwa kila inchi ya upana wa silinda ni mwanzo mzuri, yaani kwa hii yenye milimita 98.4 ni kama 12 hadi 16. Ringi iliyobanana ikipata moto inavunjika, na inavunjika na pistoni.

6. Alama za taimingi, zile za gia zinazopanga valvu na pampu zifuate krenki, zikishakaa, funga, uache. Kijana mmoja alizungusha injini mizunguko miwili, akaona alama kwenye gia ya katikati hazitazamani tena, akafungua kila kitu akaanza upya. Kesho yake tena. Gia ya katikati ina meno yake na hesabu yake. Alama zinakutana tena baada ya mizunguko mingi. Alikuwa sahihi tangu siku ya kwanza, maskini, na hakuna aliyemwambia kwa sababu wote tulikuwa tunacheka.

7. Tangi kwanza, pampu baadaye. Pampu ya dizeli ya CAV aina ya DPA inalainishwa na dizeli yenyewe, hivyo maji na kutu ya tangi lililolala miaka vinaiua ndani ya siku moja. Mpangilio wa silinda kuwaka ni 1-5-3-6-2-4. Uandike ukutani, acheni kunipigia simu usiku.

8. Kabla ya kuwasha mara ya kwanza funga dizeli, zungusha kwa stata kidogo kidogo, ukipumzisha, mpaka geji ya oili inyanyuke. Ikiwaka, usiiache ikilala kwenye sailensa, yaani ikizunguka polepole bila mzigo, nusu saa mkipiga nayo picha. Ringi mpya zinataka mzigo wa wastani ili zikae. Mwaga oili ya kwanza mapema, na filta ikate kwa msumeno uangalie ndani.

9. Breki kabla ya rangi. Wenye magari hawatakubali, wao wanataka rangi kwanza ili wamtumie mjomba aliye Dar picha. Wabishie.

10. Rimu. Hizi za ringi ya kufungia, ile ya chuma inayoshika tairi kwenye rimu, ikiwa ringi hiyo imekula kutu au haijakaa kwenye mfereji wake, upepo unaipeleka juu kama risasi. Tupa ringi iliyopinda, usiigonge nyundo mpira ukiwa na upepo, jazeni ndani ya keji, kizimba cha chuma, au tairi likiwa limezungushiwa mnyororo, na mjazaji asimame pembeni akiwa na mpira mrefu wa upepo. Toa upepo wote kabla ya kulegeza nati yoyote. Fundi wa matairi pale kona hana keji wala mnyororo, nimemwona kwa macho yangu, kwa hiyo za Bedford tunazipeleka kwingine hata kama ni mbali na mnalalamika kuzisukuma.